Kuku anapojikunyata msimu wa baridi: jinsi ya kutambua ugonjwa na hatua za kuchukua

Njombe na vijiji vyake tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ikifika Juni, ukungu unalala mabondeni hadi saa tatu asubuhi, upepo wa kusini-mashariki unapenya kila ufa, na kule Makete kuelekea Kitulo kuna asubuhi majani yanaamka yamefunikwa na barafu nyembamba. Hali hiyo inakwenda hadi Agosti. Ni miezi hiyohiyo ambayo watu wanaofuga kuku kumi au kumi na tano nyuma ya nyumba huniambia, "Kuku wangu wameuawa na baridi."

Mwaka wangu wa kwanza nami nilisema hivyo. Nilikuwa na mitetea kumi na mbili na jogoo mmoja. Baridi ilipoanza nikawahurumia, nikaziba madirisha ya banda kwa magunia, nikazungushia turubai pande zote mpaka hata mwanga haupiti. Ndani ya wiki tatu wakafa saba. Mama jirani yangu, ambaye amefuga kuku tangu utoto wake, aliingia bandani asubuhi moja, akainama, akatoka nje anafuta machozi. Harufu kali ya kinyesi ilikuwa imemwasha macho. Akaniambia, "Mwanangu, hawa hawafi kwa baridi. Wanakosa hewa."

Kuku mkubwa aliyekamilika manyoya ana joto la mwili la karibu nyuzi 41, kubwa kuliko letu, na koti lake ni zuri kuliko makoti yetu. Akiwa mkavu, ameshiba na hapigwi na upepo, baridi yetu anaimudu. Lakini baridi inamlazimu atumie chakula kingi kujipasha joto, hivyo nguvu ya kupambana na maradhi inapungua. Inatufanya sisi tufunge banda. Na baya kuliko yote, inatupa kisingizio: kuku akijikunyata tunasema ni baridi tu, zinapita siku mbili, na siku mbili kwa kuku ni muda mrefu mno. Kuku huficha ugonjwa hadi anaposhindwa kabisa, kwa sababu mdhaifu hudonolewa na wenzake. Ukimwona waziwazi anaumwa, ameshaumwa muda.

Hatua ya 1: Wafahamu wakiwa wazima

Huwezi kumtambua mgonjwa kama hujui mzima wako anavyoonekana. Mwezi wa Mei, kabla baridi haijakolea, kaa nao robo saa asubuhi mbili tatu. Angalia nani huwa wa kwanza kutoka, nani mchokozi kwenye chakula, nani hulala wapi kwenye fito. Upanga wa kichwani uwe mwekundu kwa mtetea anayetaga. Kwa asiyetaga au anayenyonyoka manyoya huwa mdogo na umepauka kidogo, na hilo si ugonjwa.

Kinyesi cha kuku mzima ni kigumu kiasi, rangi ya kahawia au kijivu, kina kofia nyeupe juu. Mara chache kwa siku hutoa kingine laini, kahawia iliyokolea, kama uji mzito wa ulezi, chenye harufu mbaya. Watu wengi wakikiona hicho hukimbilia dukani kununua dawa ya kuhara. Ni cha kawaida, kinatoka kwenye utumbo kipofu.

Weka pia daftari dogo la mayai. Huko Ulaya kuku husimama kutaga majira ya baridi kwa sababu mchana wao unakuwa mfupi sana. Sisi tulio karibu na ikweta, tofauti ya mchana wa Juni na wa Desemba hapa Njombe ni kama saa moja tu. Mayai yakipungua kidogokidogo, sababu inaweza kuwa chakula au kunyonyoka manyoya. Yakishuka ghafla kutoka nane hadi mawili ndani ya siku tatu, usiseme ni baridi. Kuna jambo.

Hatua ya 2: Kagua asubuhi na usiku, na usiku usikilize

Asubuhi, fungua mlango mwenyewe, usimwachie mtoto anayewahi shule. Simama pembeni uwatazame wanavyotoka. Kisha ingia uangalie kinyesi kilicho chini ya fito za kulalia, maana hapo kila kuku ameandika habari zake za usiku kucha.

Ukaguzi wa pili ni kama saa mbili usiku, kuku wakishatulia. Huu ndio ulioniokolea kuku wengi kuliko dawa yoyote. Nenda na tochi ikiwa imezimwa, simama mlangoni kimya dakika mbili tatu, sikiliza. Banda la kuku wazima lina ukimya, labda mmoja ananung'unika akisogea. Ukisikia kukoroma, mluzi mwembamba wa pumzi, chafya au sauti kama ya kitu kinachotokota kooni, washa tochi umtafute. Mchana sauti hizo humezwa na kelele za uani, na kuku mwenye mafua anaweza kuonekana mzima kwa siku kadhaa huku usiku anakoroma.

Hatua ya 3: Tenganisha baridi na ugonjwa

Asubuhi yenye ukungu hata kuku mzima huvimbisha manyoya, husimama kwa mguu mmoja, hujikunja shingo. Kipimo changu ni jua na chakula. Tupa punje za mahindi: mwenye baridi atakimbia kula pamoja na wenzake. Mgonjwa atazitazama, au atadonoa moja na kuiacha. Jua likishatoka, mwangalie tena mnamo saa nne. Wenzake wameshatawanyika wanapekua, yeye bado amesimama palepale, macho nusu yamefumba, mkia umeshuka. Huyo si wa baridi.

Upanga nao una hadithi yake. Ncha zikiwa na rangi ya zambarau alfajiri kisha zikarudi nyekundu jua likiwaka, usiogope. Ukibaki wa zambarau mchana, moyo au mapafu yana shida. Ukiwa mweupe kama karatasi, damu inapungua: fikiria minyoo, chawa, utitiri, au kuhara damu.

Tena, wakati wa joto kuku hupumua mdomo ukiwa wazi ili kujipooza, na hilo ni sawa. Kwenye baridi ya nyuzi kumi hana joto la kupunguza. Kuku anayepumua mdomo wazi mwezi wa Julai, huku kainua shingo kila anapovuta hewa, anahitaji msaada leo hii.

Hatua ya 4: Mtenge kwanza, maswali baadaye

Ukishamtilia shaka, mwondoe. Usingoje kujua jina la ugonjwa. Tenga la mianzi au katoni kubwa lenye matundu linatosha, likiwa na majani makavu chini, liwekwe chumba kingine au stoo, mbali na banda na mahali kuku wengine wanapokunywa maji. Jikoni kuna joto, lakini moshi wa kuni humchoma kuku mwenye mafua, tena hapo ndipo mnapotayarisha chakula cha watu. Mimi hutumia stoo.

Awe na chombo chake cha maji na cha chakula, visirudi bandani. Mhudumie wa mwisho, baada ya kuwahudumia wazima, unawe mikono kwa sabuni na ubadilishe viatu. Magonjwa mengi ya kuku husafiri kwenye soli za viatu vyetu. Kunawa ni kwa ajili yako pia, maana vijidudu vingine vya kuku, kama vya salmonela, humpata na binadamu, na watoto wadogo ndio huumia zaidi.

Hatua ya 5: Mshike, umkague toka kichwani hadi miguuni

Mkumbatie mabawa yakiwa yamebanwa, usimbane kifua kwa sababu atashindwa kupumua. Anza usoni. Je, macho yana povu au machozi? Uso umevimba upande mmoja? Puani kuna ute, na ute huo unanuka? Fungua mdomo taratibu uangalie kama kuna utando wa njano kooni.

Shika gole, ule mfuko ulio chini ya shingo. Asubuhi kabla hajala linapaswa kuwa tupu, jioni limejaa. Gole lililojaa asubuhi na gumu kama mpira limeziba. Likiwa laini kama mfuko wa maji na mdomo unanuka uchachu, chakula kimechacha humo. Kisha pitisha kidole kwenye kidari. Mfupa ukisimama mkali kama kisu, nyama imeisha pande zote, huyo anakonda tangu zamani, na ugonjwa haukuanza jana.

Funua manyoya chini ya mabawa na kuzunguka njia ya haja. Chawa huonekana wakikimbia, na mayai yao hushikamana kwenye shina la unyoya kama vumbi jeupe. Msimu wa baridi kuku hawaogi vumbi vya kutosha kwa kuwa udongo una umande, hivyo chawa huzidi. Mtetea anayesimama wima kama mtu, anajikamua na tumbo limekuwa gumu, huenda yai limekwama. Mweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu hadi tumboni kwa dakika ishirini, mkaushe kabisa kwa taulo, umweke mahali pa joto na giza. Usijaribu kulivunja yai likiwa ndani.

Hatua ya 6: Soma dalili kwa pamoja

Dalili moja haitoshi kumpa mtu jibu. Kinyesi cha kijani, kwa mfano, wengi wanaamini ni kideri moja kwa moja. Kuku yeyote ambaye hajala siku mbili hutoa kijani, kwa sababu nyongo inatoka bila chakula. Tazama picha nzima, na zaidi ya yote tazama kasi: ni mmoja, au kila siku anaongezeka mwingine?

Kideri, ambacho wengine huita mdondo, huja kwa kishindo. Kuku wanazubaa, wanahara kijani, wanahema kwa shida, na waliobaki siku chache shingo inapinda au mabawa na miguu inapooza. Kwa kundi lisilochanjwa kinaweza kumaliza karibu kuku wote ndani ya wiki. Hakina dawa. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu kila mwaka naona watu wakimaliza akiba yao kununua antibayotiki kwa ugonjwa wa virusi.

Mafua ya kuku husambaa kwa siku moja hadi tatu tu: uso unavimba, jicho linafunga, ute wa puani una harufu mbaya usiyoisahau. Vifo huwa vichache iwapo banda lina hewa, ila utagaji unaanguka. Kuna mafua mengine ya polepole, yale ya kukoroma usiku kwa wiki nyingi, yenye povu kwenye pembe ya jicho. Haya husababishwa na vijidudu viitwavyo mikoplasma, na hupita hata kwenye yai hadi kwa kifaranga, kwa hiyo kuku aliyeugua hayo usimwekee mayai ya kuatamia. Aina zote mbili za mafua hupona kwa dawa, lakini kuku aliyepona anaweza kubaki na vijidudu na kuambukiza wageni.

Kinyesi chenye damu, hasa kwa vifaranga wa wiki tatu hadi nane, kitakupeleka kwenye koksidia, ugonjwa wa vijidudu vinavyoshambulia utumbo. Ugonjwa huu ni mtoto wa unyevu: maranda yamelowa, chombo cha maji kinamwagika, vifaranga wamejazana kwenye kona wakikimbia baridi. Kuku wakubwa wanaokufa ghafla, wenye upanga uliopauka na kuhara njano inayoelekea kijani, wafikirie homa ya matumbo. Vipele vya njano vinavyogeuka magamba meusi usoni na kwenye upanga ni ndui. Hiyo ya nje hupona yenyewe kwa wiki tatu hivi kama anakula, ila ikiingia kooni ni hatari.

Wakifa wengi ndani ya siku moja au mbili, nyuso zimevimba na miguu ina madoa ya damu chini ya ngozi, usiwaguse kwa mikono mitupu wala usiwachinje. Piga simu kwa afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Kideri kikali na mafua makali ya ndege hufanana kwa macho, na kuyatofautisha kunahitaji maabara.

Hatua ya 7: Joto, maji, chakula

Kabla ya dawa yoyote, mgonjwa anahitaji vitu hivi vitatu. Jaza maji ya moto kwenye chupa, ifunge kwa kitambaa, ilaze upande mmoja wa tenga ili akitaka joto asogee na akizidiwa ahame. Badilisha kila ikipoa.

Jiko la mkaa usiliweke kwenye chumba kilichofungwa, hata usiku mmoja. Hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina harufu na inaua kuku, vifaranga na watu kimyakimya. Wanaolea vifaranga kwa jiko, na huku ni wengi, ni lazima waache upenyo wa juu wazi muda wote. Vifaranga wanahitaji nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha unapunguza kama nyuzi tatu kila wiki. Wakijazana karibu na jiko wana baridi, wakikimbilia kuta wakitweta wamezidiwa, wakitawanyika wakila uko sawa.

Maji yawe ya uvuguvugu. Maji ya bombani Julai huku ni kama ya barafu, na kuku hunywa kidogo, na asiyekunywa hali. Mgonjwa anayehara mpe kwa siku moja au mbili mchanganyiko wa lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Asipokunywa mwenyewe, dondosha matone pembeni mwa mdomo, angoje ameze, dondosha tena. Usimmiminie kooni. Njia ya hewa ya kuku iko nyuma kidogo tu ya ulimi, na nimeona kuku waliokuwa wanapona wakafa kwa maji yaliyoingia mapafuni, mwenye nia njema akiwa amewashikilia.

Chakula: uji mwepesi wa dona, yai la kuchemsha lililopondwa, mchicha uliokatwa. Kidogo, mara nyingi.

Hatua ya 8: Dawa kwa kipimo na kwa sababu

Nenda duka la dawa za mifugo ukiwa na maelezo: umri wa kuku, wangapi wanaumwa kati ya wangapi, siku ngapi, kinyesi, pumzi, mayai, chanjo ya mwisho. Ukiweza, nenda kwanza kwa afisa mifugo. Kwa mafua ya bakteria hutolewa oksitetrasiklini au tailosini. Kwa koksidia, amproliamu. Salfa nazo hutibu koksidia, lakini hazifai kwa mitetea ambayo mayai yake yanaliwa.

Maduka mengi hukuuzia amproliamu pamoja na vitamini za kuchanganya. Subiri. Amproliamu hufanya kazi kwa kuwanyima vijidudu vya koksidia vitamini B1, hivyo ukitia vitamini za kundi B wakati huohuo unaipunguza nguvu dawa uliyoilipia. Vitamini mpe akimaliza dozi.

Kuku mkubwa hunywa karibu robo lita kwa siku, na kwenye baridi hupungua. Kwa hiyo kwa kuku kumi usichanganye ndoo nzima. Changanya watakachomaliza siku hiyo, kesho utengeneze mpya, na usiwawekee maji mengine pembeni. Maliza siku zote zilizoandikwa hata kama siku ya pili wamechangamka. Kwenye karatasi ya dawa kuna siku za kusubiri kabla ya kula mayai na nyama. Ziheshimu. Mayai ya siku hizo usiyale wala usiyauze, hata kama mteja anabisha hodi.

Kuhusu mshubiri na pilipili kichaa kwenye maji: nimekua navyo, bibi yangu alivitumia, na sioni ubaya kumpa kuku anayekula na kunywa vizuri. Lakini mshubiri hauponyi kideri, na uchungu wake ukimfanya mgonjwa akatae maji, umemdhuru. Mgonjwa mpe maji anayoyapenda.

Hatua ya 9: Akifa

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Desturi yetu, kuku akianza kuzubaa, ni kumwahi kwa kisu, au kumpakia kwenye tenga kwenda mnadani kabla hajafa. Najua umaskini unaolazimisha hivyo, kuku watano ni ada ya mtoto. Lakini kideri husafiri hivyohivyo, kwenye matenga ya mnada, kijiji hadi kijiji. Kuku unayemuuza leo anaua kuku wa mjane wa bonde la pili, na wiki ijayo mtoto wa jirani atakuletea ugonjwa uleule kwa miguu yake. Usiuze, usigawe, usile mgonjwa.

Kama wamekufa zaidi ya mmoja na hujui sababu, mpeleke aliyekufa karibuni kwa afisa mifugo, au kwa msaada wake kwenye kituo cha Maabara ya Veterinari kilichoko Iringa. Mweke kwenye mfuko usiovuja, ndani ya ndoo yenye mfuniko, mahali pa baridi lakini asigande, na afike siku hiyo. Jibu la kuku mmoja linaweza kuokoa waliobaki.

Wengine wazike shimo la mita moja kwenda chini, mbali na kisima, umwagie chokaa au majivu kabla ya udongo ili mbwa wasifukue, au wachome.

Hatua ya 10: Rekebisha banda wakati mgonjwa bado yuko stoo

Usisubiri apone. Kilichomfanya augue bado kinawangoja wenzake.

Ingia bandani alfajiri kabla ya kufungua. Chuchumaa hadi pua yako ifike usawa wa kichwa cha kuku, uvute pumzi. Ukiisikia harufu ikichoma, hewa hiyo inachubua mapafu yao usiku kucha na kuwafungulia mafua mlango. Kisha pitisha kiganja chini ya mabati. Mkono ukitoka umelowa, unyevu wa pumzi na kinyesi unapanda, unakutana na bati baridi, unawadondokea kuku migongoni. Kuku aliyelowa hana koti tena.

Tiba ya yote mawili ni moja: ziba chini, fungua juu. Ukuta wa upande wa kusini-mashariki, unakotoka upepo, uzibe wote. Pande nyingine ziba kuanzia chini hadi juu ya vichwa vya kuku wakiwa wamelala kwenye fito, kisha acha nafasi ya wazi chini ya paa, uweke wavu wa kuzuia kicheche na paka. Hewa chafu itatoka juu bila upepo kuwapiga. Magunia na turubai vitumie upande wa upepo tu.

Sisi huku tuna bahati ya maranda, mashine za mbao ziko kila upande. Tandika unene wa sentimita kumi, geuza kila siku mbili, na palipolowa toa papo hapo. Usichukue maranda ya mbao zilizotiwa dawa, kama zile za nguzo za umeme. Dawa hiyo ni sumu. Fito za kulalia ziwe za mbao zenye upana wa sentimita tano hivi, ili kuku akikalia, tumbo lifunike vidole vyake vyote. Mianzi tunayo tele, ila ni ya mviringo, inateleza na kuacha vidole nje. Kwenye kona kavu weka boksi la majivu na udongo mkavu waoge humo.

Jioni, saa moja kabla ya kulala, ongeza konzi ya mahindi kwa kila kuku wawili watatu. Mahindi yanasagika usiku taratibu na kuwapa joto. Yasichukue nafasi ya chakula chao chenye dagaa, mashudu au soya, maana bila protini hawawezi kuotesha manyoya wala kupambana na ugonjwa.

Hatua ya 11: Chanjo kabla ya baridi

Chanjo ya kideri ya I-2 ilitengenezwa kwa ajili ya mazingira kama yetu, inavumilia joto kuliko chanjo za kawaida, na hapa nchini hutengenezwa Kibaha. Ni tone moja kwenye jicho, kila baada ya miezi mitatu, mkubwa kwa mdogo. Mimi huhesabu nyuma kutoka Juni: nachanja katikati ya Mei, ili kinga iwe imeshajengeka baridi ikianza. Chanja wazima tu. Chupa moja inatosha kuku wengi kuliko nilio nao, kwa hiyo tunachanga kaya tano sita na kuchanja siku moja, jambo ambalo ni bora zaidi kuliko kuchanja peke yako, kwa kuwa kuku wa jirani asiyechanjwa ndiye mlango wa ugonjwa kwako.

Kuku mgeni, hata kama ni zawadi ya mahari au ya mjomba, akae pekee wiki mbili hadi tatu. Mlaze stoo, msikilize usiku.

Kumrudisha aliyepona

Asirudi siku aliyoanza kula. Ngoja angalau wiki moja bila dalili yoyote, kidari kimeanza kujaa, kinyesi kimekuwa cha kawaida. Siku mbili tatu za mwisho mpunguzie joto la stoo ili asitoke kwenye chupa ya moto kwenda moja kwa moja kwenye fito za baridi. Kisha mrudishe usiku, giza likishaingia, umweke kwenye fito katikati ya wenzake. Wakiamka watamkuta yupo, na hawatamdonoa sana kama wangemwona akiingia mchana. Asubuhi yake uwe mlangoni mapema, na punje za mahindi mkononi, uone kama anakimbia nao.